Anwani Moja kwa Wasichana Wawili

Mlioanza nami habari hii mnajua nilikoangukia. Kwa anayefungua ukurasa huu leo nitasema kwa kifupi, maana sina uso wa kusema kwa urefu.

Nimemaliza chuo, sijapata kazi niliyoisomea, na kwa sasa natoa fotokopi kwenye kibanda kilicho mbele ya nyumba yetu. Mtaa unaniita Profesa. Wengine wanamaanisha, wengine wananichokoza. Ukutani nilibandika tangazo nililoandika kwa mkono wangu: "Unatafuta ufadhili wa masomo? Ingia, tutafute pamoja." Niliamini, na bado naamini, kwamba kuna vijana wengi wenye akili wanaobaki nyumbani kwa sababu tu hakuna aliyewaonyesha mlango.

Wengi wao hawakuwa na barua pepe, na waliokuwa nayo walishasahau neno la siri. Basi nikawa nawaombea kwa anwani yangu. Ikawa kama bomba la mtaa, kila mwenye ndoo anachota.

Kwa anwani hiyo nilimwombea ufadhili binti wa fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja. Tunamwita Bi Maswali, kwa sababu tangu ajue kuongea hajawahi kuridhika na jibu la kwanza. Kisha, siku ya mwisho ya maombi, mdogo wangu naye akasema anataka. Nikajaribu kumfungulia anwani yake, mtandao ukagoma. Nikaingia kwenye ukurasa uleule wa Bi Maswali, nikaandika jina la mdogo wangu mahali pa lake, nikabadili shule, alama na kozi, nikatuma. Nilidhani mtambo ule ungewahesabu watu wawili. Kumbe kwao anwani moja ni mtu mmoja. Wa pili alimfuta wa kwanza.

Niliwaachia pale ujumbe ulipoingia kwamba mdogo wangu ameitwa kwenye usaili, na mimi, nikiwa na simu mkononi, ndipo nikaelewa nilichofanya.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mama.

Alikuwa anapiga pasi. Nilifunga mlango nikamweleza yote, kama mwanafunzi anayeeleza mtihani uliomshinda. Aliendelea kupiga pasi kola ileile mpaka nikaogopa itaungua.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi asiwepo mwingine."

Nikamwambia nafasi ile ni ya mtoto wa fundi. Akaisimamisha pasi wima. Hakukasirika, angekasirika ningepumua. Alisema binti wa fundi ana kichwa, mtu wa namna ile hata ukimfungia chumbani atatokea dirishani. Mwaka kesho ataomba tena na atapata. Lakini wa kwetu, na hapo sauti yake ikashuka, wa kwetu tangu aanze shule hajawahi kuitwa mbele ila kwa kuchelewa.

"Leo ameitwa, baba. Mara moja tu. Wewe ndiye utakayemwambia arudi akakae?"

Mama huniita baba anapotaka nimtii kwa hiari yangu.

Chumba cha pili mdogo wangu alikuwa anaimba, anapanga vyeti vyake kitandani. Sikumjibu mama. Kwa kutojibu nikawa nimekubali.

Habari ilifika kwa fundi kabla sijajua nitaibebaje. Alikuja mwenyewe kibandani, futi inaning'inia shingoni, sindano zimechomekwa kwenye kola. Nilijua amekuja kuuliza habari za binti yake. Nikaanza kupanga maneno.

Hakuuliza. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipongeza. Akasema kwetu kukiwa na furaha na kwake inasikika, ukuta wenyewe ni mwembamba. Kisha akatoa kifurushi alichokuwa amekibana kwapani. Ilikuwa sketi ya bluu na blauzi nyeupe.

"Nilimshonea wa kwangu, nikisema akiitwa asihangaike," akasema. "Sasa zikae kabatini zifanye nini? Wenu ni mrefu kidogo, nimeshusha upindo. Kuna alama ya mshono wa mwanzo, ila nimeipiga pasi. Akikaa hawataiona."

"Mzee, hizi hatuwezi kuzipokea."

"Kwani nimekuuliza?" Akacheka. "Wewe ulipokuja kupimwa suti ya mahafali ulikuwa unatetemeka kama unapimwa homa. Nani alikuambia simama wima, sasa wewe ni msomi? Chukua, mwanangu."

Nikachukua. Nilisema asante.

Bi Maswali alikuja mchana wa siku hiyohiyo. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akangoja mpaka mwalimu mmoja alipomaliza kutoa nakala za mitihani yake. Alianza kwa kunipongeza, na pongezi zake zilikuwa za kweli. Mdogo wangu ni rafiki yake tangu walipokuwa wanachezea vitambaa chakavu chini ya meza ya fundi. Kisha akavuta stuli karibu.

"Kaka, mimi nilikosea wapi?"

Nikamwambia walioomba walikuwa wengi.

"Hilo najua. Nauliza mimi. Nikijua nilipokosea, mwaka kesho sikosei hapo. Ni alama zangu au ni maelezo?"

Alama zake hazikuwa na mfano shuleni kwao, singeweza kusema ni alama. Nilichopaswa kusema kilikuwa mdomoni tayari, sentensi fupi tu. Lakini nyuma yake, kwenye uwazi wa mlango wa nyumba, nilimwona mdogo wangu anajipima ile sketi juu ya gauni lake, anazunguka.

"Ni maelezo," nikasema.

Lazima niwaambie maelezo hayo yalikuwaje. Kila mwombaji alitakiwa aandike ukurasa mmoja kuhusu jambo lililomfanya atake kusoma. Bi Maswali aliandika jinsi alivyoivunja cherehani ya baba yake akiwa mtoto, makusudi, ili aone ni nini kinachoipandisha sindano na kuishusha. Mtaa mzima unaijua habari hiyo. Fundi alikaa bila kazi mpaka binti yake mwenyewe alipoirudisha, kipande juu ya kipande, na skrubu moja ikabaki mkononi. Cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo, na skrubu ile ipo hadi leo kwenye kopo la vifungo. Aliandika kwamba tangu siku hiyo anataka kujua kila mashine duniani inaficha nini, na ni skrubu gani haina kazi. Nilipousoma ukurasa ule nilimwambia nimepita chuo kizima sijaona maelezo mazuri hivi.

Sasa nikamtazama machoni.

"Ile habari ya kuvunja cherehani ungeiacha. Wakubwa hawapendi mtu anayejisema vibaya."

Alinyamaza. Mimi nimekua naye, sikuwahi kumwona amenyamaza.

"Lakini ni wewe uliyeniambia niandike ukweli."

"Nilikosea."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea habari za msiba wa mbali. Akasema sawa, kaka. Akasema asante kwa kuniambia.

Kumfuta kwenye mtambo ilikuwa ajali, na mbele ya Mungu naweza kuitetea. Hili halikuwa ajali. Nilichukua kitu kizuri kuliko vyote alivyoandika, nikamwambia ndicho kilichomharibia, ili mimi nipate pumzi. Na yeye akanishukuru.

Kesho yake nilipofungua kibanda nilisikia cherehani mbili kwa fundi badala ya moja. Bi Maswali alikuwa amekaa kwenye ile ya pili, anashona mifuko ya sare za shule. Wapita njia wakamtania, mbona leo kimya, au uzi umemshona mdomo. Alitabasamu bila kuinua kichwa. Fundi aliniambia pembeni kwamba binti amemwomba wasizungumze habari za chuo kwa sasa. Alisema anafurahi kupata msaidizi. Alisema hivyo huku anafungua mshono alioushona vibaya mwenyewe.

Nikapiga simu kwenye ofisi ya ufadhili. Msiseme sikujaribu. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Nikamuuliza, kama mtu anayemuulizia mwenzake, ikiwa maombi yamefutwa kwa makosa je, yanarudi? Akasema mwenye anwani aje mwenyewe aeleze, na mpaka ukweli ujulikane wao husimamisha kila kitu kilichotoka kwenye anwani hiyo.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, kaka. Nikuandike jina?"

Nikamwambia simu inaishiwa chaji. Ilikuwa imejaa.

Mdogo wangu hakujua lolote. Alichojua ni kwamba anaogopa, na alipoogopa alikwenda kule alikozoea kwenda. Alimwomba Bi Maswali amfundishe namna ya kujibu. Bi Maswali akaacha mifuko ya sare akaja, akavaa miwani ya baba yake, akakaa nyuma ya mashine yangu ya fotokopi kana kwamba ndiyo meza ya jopo.

"Kwa nini tukuchague wewe?" akauliza kwa sauti nzito.

"Kwa sababu mmeniita," mdogo wangu akajibu.

"Hilo ni jibu la mtu aliyekuja kula."

Wakacheka mpaka mteja akageuka njiani. Mimi nilijifanya naweka karatasi kwenye mashine. Walirudia, wakarudia tena. Kila mdogo wangu alipokwama, Bi Maswali alimwonyesha, na kila alipomwonyesha nilisikia jibu ambalo lingemfikisha mwenyewe kokote. Mdogo wangu anataka uuguzi. Bi Maswali alimuuliza mambo ya uuguzi ambayo sijui aliyatoa wapi. Nadhani aliyawaza palepale.

"Na wakiniuliza kitu nisichokijua?"

"Sema sikijui. Usibuni. Watu wazima wanausikia uongo kama moshi, hata kama hawajaona moto."

Alisema hivyo bila kunitazama. Mimi nilitazama chini hata hivyo.

Mara nyingi katika siku zile nilifika hadi mlango wa fundi. Niliingia nikaomba uzi. Nikaingia tena nikaomba mkasi. Fundi akaniuliza kama nami naanza kushona, nikasema naangalia angalia tu.

Siku ya usaili ilitakiwa mzazi au mlezi aingie na mwombaji. Baba alikuwa safarini na lori, na mama alisema kichwa kinamuuma. Sikumbishia. Nilivaa suti yangu ya mahafali, mdogo wangu akavaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe. Bi Maswali akaja nasi, maana mdogo wangu alisema bila yeye miguu haitamfikisha, naye akavaa gauni lake la kila siku. Sote watatu tulikuwa tumevaa kazi ya mikono ya mtu mmoja.

Jengo lilikuwa na korido ndefu yenye harufu ya rangi mpya na benchi la mbao nje ya mlango. Jina la mdogo wangu liliitwa. Alimkabidhi Bi Maswali mkoba wake. Bi Maswali akamrekebisha kola, akamwambia kitu sikioni, na mdogo wangu akacheka kidogo. Tukaingia, mlango ukafungwa.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo. Wenzake wawili walikaa huku na huku. Mdogo wangu alikaa mbele yao, mimi nikapewa kiti nyuma, karibu na ukuta. Walimuuliza jina, shule, anapoishi. Alijibu vizuri. Mabega yake yakalegea. Nikajiambia labda mama alikuwa sahihi. Labda kila mtu atapata chake kwa wakati wake.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Nitakuambia kitu ambacho huwa hatuwaambii waombaji," akasema. "Tumebishana sana juu yako. Alama zako ni za kawaida. Tena umeomba uuguzi, na ukurasa wako wote unazungumzia mashine. Mwenzangu huyu alitaka tukuache. Mimi nikasema mtoto aliyeandika haya, hata akitaka kusomea uchawi, nataka nimwone."

Mdogo wangu akatabasamu bila kuelewa.

"Basi niambie mwenyewe. Ulipoivunja cherehani ya baba yako, yeye alifanya nini?"

Palepale nilikumbuka. Siku ile ya mwisho, mtandao ulipokuwa unagoma, ukurasa ulijirudisha wenyewe kila nilipobonyeza. Jina lilibaki la mdogo wangu, shule ikabaki, alama zikabaki. Ukurasa wa maelezo alioandika yeye, ule wa uuguzi, haukushika. Yalirudi yale ya zamani. Nami kwa haraka nilituma bila kusoma.

Kwa hiyo hawakumwita mdogo wangu. Walimwita Bi Maswali, kwa jina la mdogo wangu. Walimwita kwa sababu ya cherehani. Ile niliyomwambia angeiacha.

Mdogo wangu aligeuka akanitazama. Mtaa mzima unaijua habari ya cherehani, na yeye anaijua kuliko mtaa, alikuwepo chini ya meza siku ilipovunjwa. Angeweza kuisimulia vizuri sana. Niliona usoni mwake anaelewa hatua kwa hatua, na niliona pia, Mungu anisamehe, kwamba ananisubiri mimi nifungue mdomo. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye msomi. Nikaanza kufunga kifungo cha koti.

Akageukia jopo.

"Baba yangu ni dereva wa lori," akasema. "Hatuna cherehani."

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwenyekiti alirudisha miwani taratibu.

"Haya maneno si yako?"

"Si yangu. Na sijui yamefikaje hapo." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Aliyeyaandika yuko hapo nje. Ameshika mkoba wangu."

Hakuniumbua. Alisema hajui, na ilikuwa kweli. Ndipo nikasimama. Nilisema nimeyafikisha mimi. Nilieleza anwani, mtandao, jina, kila kitu, nikiwa nimeshika mgongo wa kile kiti kama mshitakiwa. Nilisema pia kwamba nilijua kabla ya leo. Niliposema hivyo mdogo wangu aliinamisha kichwa, na hakukiinua tena.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa kanuni yetu, maombi yenye jina la mtu mmoja na maneno ya mwingine yanafutwa," akasema. "Yanafutwa yote, na wahusika wote hawaombi tena kwetu. Huyu, na wa nje pia. Unalijua hilo?"

Sikulijua. Nilidhani namrudishia mtu nafasi yake. Sikujua ukweli wenyewe nao ungeweza kumfuta mara ya pili.

"Kanuni tutaizungumza," akasema. "Lakini kabla sijafuta, nataka kumwona aliyeandika. Nenda kamwite. Na umwambie mwenyewe kwa nini anaitwa. Sitaki alisikie kwangu."

Nilitoka.

Bi Maswali alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani, anaitazama feni ya dari inavyozunguka. Nadhani alikuwa anawaza ndani yake kuna nini. Aliponiona aliinuka nusu.

"Mbona haraka hivi? Amekosea wapi?"

"Hajakosea."

"Sasa kaka, unalia nini?"

Nikamwambia wanakuita wewe.

Akakaa tena, akajitazama gauni lake la kila siku, akanitazama mimi, akatazama mlango niliouacha wazi. Ndani mdogo wangu alikuwa amesimama, ametugeuzia mgongo, na ile alama ya upindo wa mwanzo ilionekana wazi kabisa kwenye sketi, mahali ambapo ingemkaa mwenyewe sawasawa.

"Mimi? Wamenijuaje?"

Nilichuchumaa mbele ya benchi ili nisimjibu kutoka juu.

"Kwa ile cherehani," nikasema. "Niliyokuambia ungeiacha."

Akauweka mkoba chini.